Hilux ao Land Cruiser: ni ipi inafaa mulima wa Alimbongo?



Siku hizi mjadala mumoja hauishi kati yetu. Lisansie wawili wakikutana, ku Butembo ao huku milimani, wanaanza na habari ya kazi, wanapita ku vita, na mwishoni wanafika ku magari: Hilux ao Land Cruiser? Kila mutu iko na kambi yake. Wa Hilux wanasema ile ingine inakunywa mazuti kama ng'ombe ya kiu. Wa Land Cruiser wanajibu kwamba Hilux ni gari ya mujini, ikiona tope ya Lubero inalia. Kisha mumoja anatoa telefone, anaonyesha picha ya Ford F-150 ya Marekani, na wote wananyamaza kidogo juu ya kutamani.

Mimi nilisoma agronomia, si mekanike. Ninaandika juu kikundi kimoja cha walimaji wa Alimbongo ninachokisindikiza kimechanga feza kwa miaka mingi, na sasa kinataka kununua pick-up ya kutoa viazi, mashu na poaro ku mashamba mpaka barabarani. Wazee wakaniuliza: «Agronome, weye umesoma, tuambie tununue gani?» Feza ile ni ya mama aliyeuza maharagi, ni ya baba aliyeuza mbuzi. Tukichagua vibaya, hakuna banki itakayotukopesha ingine. Basi nimeamua kuchunguza magari haya mawili sawa vile tunavyochunguza kitabu ao filme: kila moja inaahidi nini, na inatimiza nini, hapa, ku mulima huu.

1. Magari yenyewe

Tuweke majina sawa. Hilux iko sokoni tangu 1968. Ile tunayoiona sana kwa mashirika ni ya kizazi cha nane, iliyotoka 2015, na moteri ya mazuti ya litre 2.4 ao 2.8, yenye turbo na enjeksio inayoongozwa na elektroniki. Zile za zamani, za litre 2.8 na 3.0 bila turbo, bado zinatembea kwetu na zinauzwa kila siku.

Land Cruiser tunayoisema hapa ni ya seri 70, iliyozaliwa 1984. Pick-up yake tunayoijua, ile wanaita 79, ilikuja 1999. Moteri yake ya kawaida mu Afrika ni 1HZ: silinda 6, litre 4.2, mazuti, bila turbo, pompi ya mekanike. Moteri hii inatengenezwa tangu mwaka 1990. Wengi kati yetu tunaosoma hapa tulizaliwa ikiwa tayari inapanda milima.

2. Mulima na hewa

Hapa ndipo wengi wanabishana bila kufikiri. Alimbongo iko juu ya metre 2,000 na zaidi. Ku urefu ule hewa ni nyepesi. Moteri isiyo na turbo inavuta hewa kwa nguvu yake yenyewe, kwa hiyo kila metre 1,000 unayopanda, inapoteza kama sehemu moja juu ya kumi ya nguvu. Ku Alimbongo 1HZ imekwisha kupoteza kama sehemu moja juu ya tano. Karatasi inasema iko na farasi 130 hivi. Huku juu zinabaki kama 104. Mazuti inayoingia ni ile ile, hewa ndiyo imepunguka, na inayobaki bila kuungua inatoka ku nyuma kama moshi mweusi. Wale wanaosema «Land Cruiser inavuta vizuri kuliko zote» hawajaitazama ikipanda na mizigo asubuhi ya baridi.

Hilux yenye turbo haiteseki namna ile. Turbo inasukuma hewa ndani, inalipa sehemu kubwa ya kile mulima unachokula. Basi kwa sheria ya fizike, Hilux mupya ndiyo gari ya mulima, na Land Cruiser ni gari ya bonde. Watu wa kambi ya Hilux, mushangilie kidogo, juu sehemu inayofuata si yenu.

3. Mazuti tunayonunua

Enjeksio ya kisasa inafanya kazi na presio kubwa sana, na vitundu vya enjektere ni vidogo sana. Inaomba mazuti safi. Sasa tuseme ukweli: mazuti inayofika kwetu inapita mipaka, inapakuliwa mu mapipa, inahamishwa mu bidoni, na siku stasio haina kitu tunanunua kando ya barabara kwa Kadafi. Maji na vumbi viko ndani. Pompi ya 1HZ ikikunywa maji kidogo inakohoa. Unasafisha filtri, unaendelea. Hilux ya 2.4 ikikunywa maji yale yale, enjektere zinakufa, na bila mashini ya kusoma elektroniki fundi anabaki kubahatisha. Siku gari inalala garaji, mashu yanalala shambani na kuoza.

Kwa hiyo mulima unataka turbo, na bidoni inataka pompi ya zamani. Mutu anayesema gari moja inashinda ku pande zote mbili, anauza gari. Kuna dawa ndogo: kuongeza filtri ya pili ya kutenganisha maji, kutoa maji chini ya filtri kila juma, kukataa mazuti ya chini ya pipa. Lakini dawa ile inaomba shofere mwenye nizamu. Na kikundi kinaponunua gari, nizamu ya shofere haiko mu beyi.

Kuna pia beyi ya kila siku. Ku barabara zetu Land Cruiser ya 1HZ inaenda kama litre 13 mpaka 16 kwa kilometre 100. Hilux ya 2.4 inakaa kati ya 9 na 11. Tuweke tofauti ya litre 5. Gari ikitembea kilometre 15,000 kwa mwaka, hiyo ni litre 750. Kila mumoja afanye hesabu na beyi ya mazuti ya leo ku kwao, kisha agawanye kwa beyi ya sako moja ya viazi. Wazee walipofanya hesabu ile mbele yangu, hawakusema kitu kwa muda murefu.

4. Tope

Barabara ya taifa namba 2 inayotoka Butembo, inapita Lubero, Alimbongo, inashuka Kanyabayonga kuelekea Goma, ni udongo mwekundu. Wakati wa mvua, kamyo zinachimba mifereji miwili yenye kina. Huku ndani, ku njia za mashamba, ni mubaya zaidi.

Land Cruiser 79 iko na pon nzima ya mbele, chuma kimoja kutoka gurudumu la kuume mpaka la kushoto. Gurudumu moja likipanda jiwe, pon inapanda pamoja nalo, na tumbo la gari linabaki mbali na udongo. Hilux iko na magurudumu ya mbele yanayojitegemea, kila moja kivyake. Hiyo ni raha kwa mugongo wa mwenye kukaa, lakini gari ikilemewa na kushuka ndani ya mufereji, tumbo linakaribia udongo na viungo vidogo vinapigwa. Nyuma zote mbili ziko na resori za sahani, na fundi yeyote wa Butembo anajua kuongeza sahani moja.

Kwa hiyo ku tope Land Cruiser inashinda, bila kubishana. Lakini mwenye kushinda ku tope iko na beyi ya mushindi. Ku soko la magari yaliyotumika, Land Cruiser ya umri ule ule inaombwa feza nyingi kuliko Hilux, juu mashirika, wafanya biashara na watu wa madini wote wanaitaka. Walimaji wa viazi wanashindana na watu wa zahabu ku gari moja. Tunajua nani atashindwa.

5. Kabini mbili, ao ofisi inayotembea

Hapa ninaacha mekanike, ninatukosoa sisi wenyewe. Uliza lisansie kumi pick-up wanayoiota. Karibu wote watakuambia: kabini mbili, milango mine, vioo vyeusi. Ni ile tunayoiona ikipita na bendera ya shirika na antene ndefu. Kwa kweli hatuoti gari, tunaota kiti cha mbele cha gari ile, na badji shingoni.

Pimeni sehemu ya kubebea. Hilux ya kabini moja iko na karibu metre 2.3 za urefu nyuma. Ya kabini mbili inabaki na metre 1.5 hivi. Yaani milango miwili ya ziada inakula sehemu moja juu ya tatu ya nafasi ya mizigo, na beyi inapanda. Kwa daktari ao mupimaji wa ardhi anayetembea na timu, kabini mbili ni haki yake. Kwa kikundi cha viazi, ni kulipa zaidi ili kubeba kidogo. Na nimeona namna inavyoenda: kiti kikiwa pale, kila siku kuna kiongozi mwenye safari ya kwenda Butembo, na sako zinangoja.

6. Majitu ya Marekani na filme za Uingereza

Kwa vijana wa F-150: ninaelewa. Pick-up za Ford za seri F zinaongoza soko la Marekani tangu 1977, na ugomvi wao na Chevrolet na Ram ni kama wetu wa Hilux na Land Cruiser, na matangazo mengi zaidi. Lakini F-150 bila vioo iko na upana wa metre 2 na kidogo. Land Cruiser 79 ya kabini moja haifiki 1.8. Ku njia ya mashamba, kati ya mulima na shimo, sentimetre 20 zile ndizo zinazoamua kama utapishana na moto iliyopakia ao mutarudi nyuma wote wawili. Tena mu Butembo unapata pyesi ya Toyota hata jioni, mupya ao ya kutoa ku gari iliyokufa. Pyesi ya Ford utaiandikia barua.

Mwenye kupenda Hilux atanikumbusha pia kipindi cha Top Gear cha Uingereza cha mwaka 2003. Walichukua Hilux ya 1988, wakaiacha mu maji ya bahari, wakaichoma moto, wakaiweka juu ya jumba lililobomolewa na baruti, na kila mara ikawaka tena. Ni kipindi kizuri, nilicheka sana. Lakini kilipima kitu gani? Kilipima kama gari inaweza kuwaka baada ya hasara kubwa siku moja. Alimbongo inaomba kitu kingine: kila siku, miaka sita, tope, mazuti chafu, sako 10 ku mugongo, shofere mwenye usingizi. Hakuna televisheni itakayopiga filme ya resori inayochoka polepole.

Mpinzani wa kweli wa magari haya mawili haulizwi mu mijadala yetu: ni chukudu na Fuso. Chukudu, ile ya mbao tuliyozoea kuona ikishuka na sako juu ya sako, haikunywi mazuti, na mutengenezaji wake anaishi hapa. Goma waliijengea sanamu. Na Fuso inabeba mara moja kile pick-up inabeba kwa safari nyingi. Fanyeni hesabu ya agronomi: hekta moja ikitoa toni 10 za viazi, na pick-up inabeba toni moja, yaani sako 10 za kilo 100, hiyo ni safari 10 za kwenda na kurudi kwa hekta moja tu. Ukipeleka mavuno yote mpaka Butembo namna hiyo, mazuti itakula faida yote, iwe ya Hilux, iwe ya Land Cruiser.

7. Watu wa bunduki

Haiwezekani kusema juu ya gari ku Lubero bila sehemu hii. Mwisho wa Juni 2024 Kanyabayonga ilianguka, na Desemba ya mwaka ule mapigano yakafika mpaka Alimbongo. Watu walikimbia na mutoto ku mugongo na chungu ku kichwa. Wale waliokuwa na gari walikuwa na bahati na hatari kwa wakati mumoja.

Sifa zote nilizozihesabu hapo juu, mutu wa bunduki anazijua: gari inayopita tope, pyesi zinazopatikana, sehemu ya nyuma iliyo wazi. Mwaka 1987 sehemu ya mwisho ya vita kati ya Chadi na Libya iliitwa vita ya Toyota, juu askari wa Chadi walipigana juu ya pick-up hizi hizi. Kadiri gari ni nzuri kwa mulimaji, ndivyo inatamaniwa na mwenye silaha. Na mwenye silaha hataki karatasi ya duane, anataka ufunguo.

Kwa hiyo ninawauliza wazee swali ambalo muuza magari hatawauliza: kama gari inaondoka kesho, kikundi kinabaki na kitu gani? Kama feza yote iko ndani ya gari moja, kinabaki na madeni na ugomvi. Shamba haliwezi kuendeshwa mpaka ngambo ya mupaka. Mbegu nzuri iliyogawanywa ku nyumba 40 haiwezi kuibwa usiku mumoja.

8. Shauri nililowapa

Land Cruiser 79 ni gari bora kati ya hizi mbili kwa barabara yetu. Ninaisema waziwazi, hata kama hewa ya mulima inaipunguzia nguvu. Lakini gari bora si lazima iwe ununuzi bora. Niliwaandikia wazee hivi:

Musinunue Land Cruiser. Musinunue Hilux mupya ya elektroniki. Mutafute Hilux ya kabini moja, magurudumu mane yanayovuta, moteri ya litre 3.0 ya zamani bila turbo, usukani wa kushoto. Itapanda polepole, ni kweli, na ndiyo ile ile hewa nyepesi niliyoilaumu ku 1HZ. Lakini itabeba mizigo yake, itavumilia bidoni zetu, na fundi wa Lubero ataifungua na ufunguo wa kawaida. Ya usukani wa kuume muiache hata kama beyi inavutia: sisi tunatembea ku kuume, na kupita Fuso ku kona bila kuona mbele ni kumuomba Mungu kazi isiyo yake.

Kabla ya kulipa, muite fundi ambaye hamujui muuzaji. Aangalie chassis chini, kama ilikatwa na kuunganishwa. Awashe moteri asubuhi ikiwa baridi, si saa sita ikiwa imekwisha kupashwa moto na mwenyewe.

Kazi ya gari ile isiwe kupeleka mavuno Butembo. Hiyo ni kazi ya Fuso ya kukodi, inayopakia ku barabara kubwa. Pick-up ifanye kile Fuso haiwezi: kutoa sako ku njia ndogo mpaka barabarani, kupandisha mbegu na dawa ya mildiou kwa wakati, kushusha mugonjwa usiku. Hekta moja inaomba kama toni 2 za mbegu ya viazi, yaani safari mbili. Mbegu ikichelewa juma mbili, mvua imepita mbele yako, na hakuna moteri itakayoikamata.

Na feza inayobaki kati ya beyi ya Hilux ya zamani na beyi ya Land Cruiser, wajenge gala ya mbegu: mbao, wavu wa kuzuia wadudu, rafu, mwanga unaoingia kidogo kidogo ili machipukizi yawe mafupi na yenye nguvu. Gala ile haina turbo wala vioo vyeusi, na hakuna kijana atakayepiga picha mbele yake. Lakini mulimaji mwenye mbegu safi anaweza kuvuna mara mbili ya jirani yake ku udongo ule ule. Hilo ndilo litakalolipa gari, si kinyume.

Mzee mumoja hakukubali. Alisema: «Agronome, watu wa kule chini wakituona na Land Cruiser, watatuheshimu ku soko, hawatatupimia beyi ya masikini.» Sikucheka, juu iko na sehemu ya ukweli: munuzi anajua kwamba mwenye kukosa usafiri atauza kwa beyi yoyote kabla mashu hayajaoza. Lakini heshima ile inaletwa na kuweza kuondoka na mizigo yako, na Hilux ya zamani yenye gurudumu la kusimama imara inaondoka pia.

Kikundi kitaamua wiki ijayo. Wenye kujua magari kuliko mimi, hasa wandugu wa mekanike waliofanya kazi ku barabara hii, muniambie pale nilipokosea hesabu kabla wazee hawajatoa feza.